Kinyozi Hajinyoi

Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi. Methali hiyo nimeielewa vyema nikiwa mbali na kwetu Tanga, huko Scotland ninakofanya kazi ya hospitali. Baadhi ya siku zangu za mapumziko hukaa pembeni mwa chumba, nikiwatazama watu watatu wakiamua mtoto akaishi wapi.

Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Jaji Kilbrandon ilieleza kwamba mtoto aliyekosa na mtoto aliyekosewa wana haja moja: kutunzwa na kuongozwa. Sheria ikapitishwa mwaka 1968, na Aprili 1971 mashauri mengi ya watoto yakatolewa mahakamani na kupelekwa mbele ya mabaraza ya wananchi. Kwa zaidi ya miaka 50 kazi hiyo imefanywa na wajumbe watatu watatu, wake kwa waume, waliofundishwa lakini wasiolipwa mshahara. Ubishi juu ya ukweli wa mambo hupelekwa kwa hakimu. Baraza huamua mtoto atendewe nini. Laweza kuagiza akae kwao chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi wa jamii, au akaishi kwa jamaa, kwa walezi, au katika makao ya watoto.

Nao wajumbe hawatoki nje kunong'onezana. Kila mmoja hutamka uamuzi wake na sababu zake pale pale, mbele ya mtoto na wazazi wake.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Baada ya kuwa mjumbe kwa miaka kadhaa nilijitolea kuwatazama wajumbe wenzangu na kuwashauri. Kikaoni sisemi neno, wala sina kura. Naangalia kama mwenyekiti amemsalimu mtoto kabla ya kufungua jalada. Naangalia kama anamwuliza yeye mwenyewe, au anawauliza wakubwa habari zake ilhali yupo. Nasikiliza kama sababu zimetolewa kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 11 ataweza kuondoka nayo.

Siri za vikao ni amana, kwa hiyo sitakusimulia shauri la mtoto yeyote. Lakini naweza kukueleza juu ya mjumbe mmoja kijana, mwenye bidii, aliyekuwa amesoma makaratasi yote hata akakaribia kuyahifadhi moyoni. Aliyoyasema yalikuwa ya kweli, ila macho yake hayakuinuka kutoka mezani. Nilipokaa naye baadaye sikumwambia kuwa amekosa. Nilimwuliza tu: "Ulipokuwa ukisoma, mtoto alikuwa akitazama wapi?"

Alinyamaza kitambo. "Sijui," akajibu.

Tukaanzia hapo. Nilipomwona tena kikaoni, jalada alikuwa amelifunga, na mbele yake palikuwa na kipande cha karatasi chenye maswali matatu.

Usidhani kazi hii ni nyepesi. Kuna siku husikia uamuzi ambao mimi nisingeutoa, nami hulazimika kunyamaza, huku anayetoka mlangoni ni mtoto na begi lake. Familia isiyoridhika ina siku 21 za kukata rufaa kwa hakimu. Njia hiyo ni yao, si yangu. Zamani nilijiuliza ukimya huo una faida gani. Sasa naiona. Laiti ningekuwa na mamlaka ya kupindua uamuzi, wajumbe wangesema huku wakinitazama mimi, na mtoto angesahauliwa kwa mara ya pili.

Nawe, msomaji, pengine hutakalia baraza kama hilo maishani mwako. Lakini ukoo unapokutana baada ya matanga kuamua yatima wa ndugu yenu akae kwa nani, ninyi nyote mmekwisha kuwa baraza, na hakuna hakimu wa kuwasahihisha. Basi mteueni mmoja wenu, shangazi au mjomba mwenye busara, asiyegombea mtoto wala mali. Asiseme neno, kazi yake iwe kuwatazama ninyi mnaoamua. Mkiisha kukubaliana, kabla hamjaagana, mwulizeni swali moja tu: je, mtoto naye aliulizwa?