Kabla ya kupiga windo, sauti ya bibi itolewe kwanza

Kompyuta mpakato ya familia moja ya Lipangalala, mjini Ifakara, ilikuwa bado inawaka taa. Feni ilizunguka, kioo kikaleta maandishi meupe ya Kiingereza juu ya weusi, kisha kimya. Baba mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua mwaka 2012 ikiwa tayari imetumika. Betri yake ilishakufa zamani, kwa hiyo ukichomoa waya tu inazima.

Fundi aliitazama dakika tano. "Hii ni kupiga windo tu, mwalimu. Niachie, uje kesho jioni." Kisha akauliza swali ambalo mafundi wengine hawaulizi: "Kuna kitu cha muhimu humu ndani?"

Wazazi wengi hujibu hakuna. Wanakumbuka barua za kikao cha harusi, mitihani ya zamani, nyimbo. Mwalimu naye alikuwa karibu kujibu hivyo, ila akampigia simu mke wake kwanza, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

"Sauti za mama zimo humo," mke akasema. "Usimwachie mtu."

Mama anayesemwa ni mama mzazi wa mwalimu, bibi wa watoto, aliyekuwa akiishi Mahenge. Mwaka 2015 alikuja Ifakara kutibiwa, akakaa miezi miwili. Jioni alikuwa akisimulia hadithi kwa Kipogoro, na mwalimu akamrekodi kwa simu. Simu ilipojaa, akahamishia kila kitu kwenye kompyuta na kufuta kwenye simu. Humo humo ilikuwamo picha ya bibi akiwa juu ya kivuko cha Mto Kilombero, kapu la kuku miguuni, miaka ile kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Hapa inafaa kueleza kufomati ni kitu gani, maana neno hilo hutamkwa kirahisi mno. Ndani ya kompyuta kuna diski inayobeba vitu vya aina mbili: windo yenyewe, yaani programu inayoiendesha mashine, na mali ya mwenye nyumba, yaani picha, sauti na maandishi. Windo ikiharibika, mlango unagoma kufunguka lakini vyombo vyote bado vimo ndani. Kufomati ni kuibomoa nyumba na kuijenga upya mahali pale pale. Anayebomoa bila kutoa vyombo hajakosea kazi yake. Ameambiwa hakuna kitu.

Aliyeleta wazo la kuingia kwa dirishani ni mtoto wa kidato cha tatu. "Baba, kwa nini tusiiwashe kwa flashi kwanza?"

"Flashi gani tena?"

"Flashi yenye mfumo wake wenyewe. Kompyuta inasoma kwenye flashi, haigusi diski. Ukishaingia unachukua vitu vyako."

Mwalimu hakufurahi. Mtoto huyo huyo ndiye aliyefungua redio ya nyumbani na kubakiza skrubu tatu mkononi. "Ukiiharibu, shangazi yako nitamwambia nini?" Shangazi wa Mahenge alikuwa ameziomba rekodi zile zaidi ya mara moja, na kila mara akaambiwa atapelekewa. Mama ndiye aliyekata shauri: kijana afanye, lakini baba akae pembeni aangalie kila anachobofya.

Mtoto alikuwa sahihi. Ipo mifumo inayoweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi au diski bila kusakinishwa, na mingi hutolewa bure. Linux Mint ni mmoja. Ubuntu ni mwingine, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake Mpogoro halimpi shida kulielewa. Miaka ya mwanzo, intaneti ilipokuwa ya taabu, waliotaka Ubuntu walitumiwa CD kwa posta bila malipo, popote duniani. Utaratibu huo ukakoma mwaka 2011. Siku hizi mtu anapakua mwenyewe, na bando ni juu yake. Linux Mint peke yake ni karibu gigabaiti 3, na Windows 10 ni zaidi ya 5.

Kwa hiyo kijana alikwenda kwenye stesheneri yenye intaneti, akiwa na flashi mbili. Ya kwanza, ya gigabaiti 8, ilikuwa ya kuwashia. Ya pili, kubwa zaidi, ya kuhifadhia vitakavyookolewa. Alipakua faili la mfumo, kisha akatumia programu ndogo iitwayo Rufus kuliandika kwenye flashi ya kwanza. Rufus hufuta kila kilichomo kwenye flashi kabla ya kuandika, na onyo hutokea kwenye kioo. Kijana alilisoma kwa sauti kama alivyoagizwa. Flashi yenye picha za kipaimara haifai kwa kazi hii.

Wapo wanaokosea hapo kwa kulinakili faili kama wimbo na kulibandika kwenye flashi. Kompyuta haitawaka kwa njia hiyo. Kwa mashine kuukuu isiyokubali kuwaka kwa flashi, diski ya DVD bado inafaa, maana hubeba gigabaiti 4.7, lakini nayo ni lazima ichomwe kwa kuchagua kuchoma picha ya diski, siyo kwa kudondoshea faili ndani.

Jioni ile wingu lilikuwa zito upande wa milima ya Udzungwa. Mwalimu akasema kazi isubiri. Kijana alinuna, lakini baba alikuwa na haki: kwa kompyuta isiyo na betri, radi moja au umeme kukatika katikati ya kuandika diski huweza kuharibu kilichobaki. Kidatu, penye mitambo ya kufua umeme wa maji tangu miaka ya 1970, ni hapo hapo kwenye lango la bonde, ila hilo halimsaidii mtu anayeangalia balbu ikipepesa masika.

Wakaanza Jumamosi asubuhi. Kijana alichomeka flashi, akawasha, na papo hapo akawa anabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwashia. Kwenye mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12, kwenye HP mara nyingi ni F9. Mara ya kwanza alichelewa, yakarudi maandishi yale meupe. Mara ya tatu ikakubali. Ilichukua dakika kadhaa, maana mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, halafu kioo kikaleta rangi na picha ndogo ndogo. Moja ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya kusakinisha. "Hiyo usiiguse," mwalimu akasema kabla hajaulizwa.

Diski ya ndani ikaonekana. Folda zikafunguka. Picha ya kivuko ilikuwapo, na kuku kwenye kapu. Rekodi zilikuwa saba. Mwalimu akabofya ya kwanza ili ahakikishe, na chumba kikajaa sauti ya mama yake akiuliza kwa Kipogoro kama kile kisimu kinamsikia. Mtoto wa mwisho, aliyezaliwa baada ya msiba, akaja mlangoni kuuliza nani anaongea. Kazi ikasimama kwa muda. Mama aliingia jikoni, hakurudi haraka.

Kunakili kulichukua karibu saa mbili. Faili la nne liligoma. Kila likifika katikati mashine inaleta kosa, dalili kwamba sehemu ya diski imechoka. Kijana alijaribu mara tatu, baba akamwambia aache, maana diski inayochoka kila ikilazimishwa inazidi kuumia.

Ilibaki kuamua kompyuta ipewe nini. Windows 7 iliachwa bila matengenezo Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Windows 11 haiwezi kukaa vizuri kwenye mashine ya umri ule. Zile windo za kuchakachua zinazopita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono mara nyingi huja na virusi, na mzazi anayemtaka mwanawe asomee kwenye kompyuta hiyo afikirie mara mbili. Waliamua Linux Mint ibaki.

Ila mwalimu hakuruhusu kufuta siku ile. Alibeba flashi ya pili hadi shuleni, akaifungua kwenye kompyuta nyingine, akasikiliza rekodi zote sita mwanzo hadi mwisho. Jumatano jioni ndipo aliposema, "Haya baba, sasa futa." Kijana akachagua diski yote isafishwe, na ndani ya saa moja ikawa imekwisha.

Shangazi hana kompyuta. Rekodi zilitiwa kwenye memori kadi ya simu, ikafungwa kwenye karatasi na kupewa kondakta wa basi la Mahenge. Alipiga simu usiku uliofuata. Alikuwa amesikiliza zote, akamsahihisha kaka yake maana ya maneno mawili ya Kipogoro, kisha akataka kujua ile hadithi ya nne, iliyogoma, ilikuwa ipi.