KABURI LA MAMA NA JIWE LAKE LA KUSAGIA



Tukipata nafasi ya kutembea, wengi wetu hatuchagui kwenda makaburini. Huko tunakwenda tukiwa na msiba, na tukimaliza kuzika tunanawa mikono na kurudi nyumbani. Lakini katika Afrika yetu ya Mashariki yapo makaburi ya kale sana ambayo mtu anaweza kuyatembelea bila kilio, akatoka na fundisho. Mwezi huu tunawashirikisha tuliyoyaona Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, nchini Kenya.

Tulikuwa akina mama saba kutoka Tunduma. Baadhi yetu ni wauguzi, wengine wanauza biashara zao pale mpakani, na wote tunatumika katika idara ya wanawake kanisani. Tulikwenda Nakuru kwenye semina ya akina mama, safari ndefu ya basi iliyotuvimbisha miguu. Semina ilipokwisha, wenyeji wetu walitupeleka kwenye kilima hicho, ambacho kiko kiasi cha kilomita 4 tu kutoka mjini.

Tuliyoyaona kilimani

Kilima chenyewe si kirefu. Kimepewa jina la pimbi, wale wanyama wadogo wanaoishi katika nyufa za mawe. Mwaka 1937 mtafiti Mary Leakey alianza kuchimba hapo. Mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1965 nyumba ya zamani ya shamba ilifunguliwa kuwa makumbusho. Juu ya mwamba tulionyeshwa mashimo ya bao yaliyochongwa katika jiwe lenyewe. Tulicheka sana. Kumbe hata watu wa kale walijua kukaa kivulini na kucheza bao!

Kicheko kilikwisha tulipofika kwenye makaburi. Mtu asiyejua angepita akidhani ni mawe tu yaliyokusanywa na mkulima anayesafisha shamba. Sivyo. Yalipangwa na watu juu ya wafu wao, na kaburi lilizibwa kwa bamba la jiwe. Watafiti wanawahesabu waliozikwa humo miongoni mwa wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa, watu walioishi huko tangu kiasi cha miaka 3,000 iliyopita. Hawakuwa na chuma wala maandishi.

Jambo lililotugusa ni hili. Wanawake walizikwa pamoja na vyombo vyao: sahani na bakuli za mawe, na michi ya mawe ya kupondea. Wanaume hawakukutwa na vitu hivyo.

Tulisimama pale kimya kwa muda. Kila mmoja wetu amekua akimwona bibi yake amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia ulezi, jasho linamtiririka, na wimbo mdomoni. Kulichonga bakuli kutoka katika jiwe gumu, bila chuma, ni kazi ya siku nyingi. Chombo cha namna hiyo hakitupwi hovyo. Hata hivyo, mama alipofariki, watu wake walikubali kukikosa nyumbani ili kiende pamoja naye.

Wala si Hyrax Hill peke yake. Katika pango la Mto Njoro, si mbali na Nakuru, wafu walichomwa moto kwa heshima, na pamoja nao yaliwekwa mabakuli ya mawe na shanga. Hata hapa kwetu Tanzania, ndani ya kreta ya Ngorongoro, kuna vilima vya mawe vya makaburi ya wafugaji wa kale. Mary Leakey alichimba huko pia.

Watoto nao hawakusahauliwa

Tuliporudi tuliendelea kuuliza na kusoma habari za makaburi mengine ya kale, hasa ya watoto, kwa kuwa wauguzi miongoni mwetu wanakutana na vifo vya watoto kazini. Tulipata mawili yaliyotufariji.

La kwanza liko Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wafugaji wa huko walichimba shimo kubwa, wakazika ndani yake watu wao kizazi baada ya kizazi, kisha wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Watafiti walitoa taarifa mwaka 2018 kwamba waliozikwa humo si chini ya watu 580. Wamo wazee, wanaume, wanawake, watoto, na hata vichanga. Karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake, shanga za mawe au za mayai ya mbuni. Hakuonekana mkubwa aliyetengewa mahali pa fahari wala mdogo aliyetupwa pembeni.

La pili si kilima cha mawe, ni shimo dogo ndani ya pango la Panga ya Saidi, katika pwani ya Kilifi. Humo alizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, kiasi cha miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na watafiti wenyewe wakampa jina la Kiswahili: Mtoto. Ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu yanayojulikana katika Afrika. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama mtoto aliyesinzia. Jinsi mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba alikuwa amefungwa kitu mwilini, na kichwa chake kiliwekewa mto.

Akina mama, fikirini habari ya mto huo. Maiti hahitaji mto. Aliyeuweka alimhurumia mtoto wake.

Je, hawa wanatufundisha nini?

Wengine watasema, hao hawakumjua Mungu, tujifunze nini kwao? Tunajibu kwamba hatuabudu makaburi wala hatuwawekei wafu wetu vyombo. Lakini Neno la Mungu lenyewe linatuonyesha heshima hiyo. Sara alipofariki, Abrahamu hakukubali kupewa mahali bure. Alilipa shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba na pango la Makpela. Raheli alifariki akimzaa Benyamini, njiani kwenda Efrata, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Mama aliyekufa kwa uzazi alipata alama yake, hata kama alizikwa safarini.

Sasa tujitazame. Katika familia nyingi za kwetu, mtoto akizaliwa amefariki, au akiishi siku mbili tatu tu, huzikwa upesi na kimyakimya. Bibi wawili au watatu wanamchukua, mara nyingi mama mzazi bado yuko kitandani. Hakuna matanga wala jina. Mama anaambiwa, "Usilie, bado kijana, utapata mwingine." Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini mwanamke mmoja tunayemfahamu, ambaye sasa ana wajukuu, alituambia hajawahi kuonyeshwa alipozikwa mtoto wake wa kwanza, na kila akipita kwenye migomba ile anajiuliza ni chini ya mgomba upi.

Si jambo la watu wachache. Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa mwaka 2020 kwamba watoto kiasi cha milioni 2 duniani huzaliwa wamefariki kila mwaka. Kila mmoja ana mama.

Tufanye nini?

Kwanza, mama aulizwe kama anapenda kumwona mtoto wake na kumshika. Asilazimishwe, wala asikatazwe. Akitaka apewe jina, apewe. Baba naye aulizwe. Wanaume wengi huenda kulia nyuma ya nyumba.

Pili, aonyeshwe kaburi. Kama hawezi kwenda siku ya maziko, apelekwe akipata nguvu. Jiwe moja au ua lililopandwa latosha kuwa alama.

Tatu, tumtunze mwili. Kufikia siku ya tatu hivi maziwa yatajaa, na mama wengi hawakuambiwa. Avae sidiria inayoshika vizuri, abandike kitambaa chenye maji baridi, anywe dawa ya maumivu kama alivyoelekezwa. Maziwa yakimbana sana akamue kidogo tu apate nafuu, kwa sababu akikamua mengi yatazidi kuja. Akiwa na homa, akitokwa damu nyingi au uchafu wenye harufu, au akiumwa kichwa kikali, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nne, tumtunze moyo. Mama mkwe, wifi na shangazi mnajua kukaa na mzazi. Kaeni naye hata kama hakuna mtoto wa kuogesha. Mpikieni uji, mfulieni, msikilizeni. Msitafute wa kumlaumu wala kuanza maneno ya uchawi. Ikipita wiki mbili na bado halali, hali, au anasema heri afe, hilo si kukosa imani. Ni ugonjwa unaotibika, na apelekwe kwa mganga hospitalini. Akianza kusema habari za kujidhuru, msingoje wiki mbili. Apelekwe mara moja, wala asiachwe peke yake.

Tano, kanisa lisikae pembeni. Mchungaji au mwinjilisti aitwe hata kama jeneza ni dogo kama kiatu cha sanduku la duka. Idara yetu ya wanawake imeanza kuwatembelea akina mama hawa nyumbani, wawili wawili, na kuwakumbuka katika maombi kila mwaka ufikapo mwezi ule. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji sukari kilo moja, sabuni, na masikio.

Tunayo mengi ya kujivunia mkoani kwetu Songwe. Watoto wetu wa shule wanapelekwa Ndolezi kuona Kimondo cha Mbozi, nao wanashangaa jiwe lililotoka mbinguni. Ni vizuri. Lakini wajue pia kwamba yapo mawe madogo yaliyowekwa kwa mikono ya watu waliopenda, juu ya mama zao na watoto wao, kabla hatujazaliwa sisi wala babu zetu.

Mama msomaji, huenda nawe unaye mtoto ambaye hakuna anayemtaja nyumbani. Mtaje. Mwambie mume wako jioni ya leo, au mama mwenzako unayemwamini. Mungu aliyemwumba tumboni mwako anamjua. Amina.