Nilisimama Juu ya Maji ya Nyasa

Mama mwenzangu, sisi tuliokulia Kyimo maji tunayajua zaidi yakitoka juu. Mvua ya Rungwe tunaizoea tangu tukiwa mgongoni mwa mama, lakini kuogelea hatufundishwi. Mto Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu tunawakataza watoto wasiusogelee, na hapo mafundisho yetu juu ya maji yanakwisha.

Kwa hiyo binti yetu wa mwisho alipopata nafasi ya sekondari huko chini, karibu na Ziwa Nyasa, kisha akaomba ruhusa ya kujifunza kuogelea, baba yake aliniachia mimi jibu. Mimi ni muuguzi. Nimewahi kupokea mtoto aliyetolewa majini akiwa amechelewa, na kilio cha mama yake sijakisahau. Kukataa kungekuwa rahisi. Lakini mtoto anayeishi kando ya ziwa atafika ziwani tu, kwa ruhusa au bila ruhusa, nami sikutaka kutoa jibu juu ya kitu nisichokijua.

Nafasi ilipatikana tulipokwenda semina ya akina mama Matema. Wageni waliofikia pale walikuwa na ubao mpana wa kujazwa upepo, ambao mtu husimama juu yake na kupiga kasia. Mchezo huu ulienea duniani kutoka visiwa vya Hawaii, ila jambo lenyewe si geni kabisa kwetu. Wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mtumbwi kutoka Ikombe hadi mnada wa Lyulilo, na hakuna anayewashangaa. Mimi nilishangaliwa sana. Nilivaa suruali ndani ya gauni, nikafunga kanga, na wenzangu wakaanza kunitania kwa habari za Petro.

Kijana wa pale ufukweni alinivalisha jaketi la kuokoa maisha, akalikaza mikanda mpaka nikalalamika. "Mama, likilegea litakupanda usoni," alisema. Tulibaki mahali maji yanapofika kiunoni, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kwanza nilipiga magoti katikati ya ubao. Kisha mguu mmoja, kisha wa pili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

"Usiangalie miguu, mama. Angalia mlima."

Nikatazama Milima ya Livingstone. Magoti yalitetemeka kama ya mwanafunzi anayechoma sindano yake ya kwanza. Nilihesabu hadi kumi na mbili, nikaanguka. Maji yalinifunika, nikasikia ukimya wa ajabu, halafu jaketi likanirudisha juu. Nilipanda tena. Mara ya nne nilipiga makasia kama ishirini, na kelele za wenzangu zilinifanya nicheke hadi nikaanguka tena.

Jioni ile nilimpigia binti simu nikamruhusu, kwa masharti. Asiingie peke yake. Asiende kwenye midomo ya mito, kwa maana kuna mamba. Aepuke maji yaliyotulia penye matete, ambako konokono wa kichocho hupenda kukaa, na akikojoa damu aende kupimwa bila kuona haya. Nami nilimweleza yeye, kama ninavyokueleza wewe, kwamba mtu aliyezama haninginizwi kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Kama hapumui anahitaji hewa kwanza, mdomo kwa mdomo, kisha kubonyezwa kifua, huku mwingine akikimbilia msaada.

Baba yake alisikiliza yote, akauliza kama ile kanga imekauka.

Akina mama wa kikundi chetu wanataka turudi Matema. Wanne wamekwisha jiandikisha. Mwenyekiti wetu, ambaye alicheka kuliko wote, ameniuliza pembeni kama majaketi yapo ya saizi yake. Nimemwambia nitauliza.