Boga, mkate wa kumimina na sahani ya jirani

Leo siandiki siasa wala mpira. Naandika mambo ya nyumbani, ya likizo yangu ya mwishoni mwa Oktoba 2024, ambayo niliimalizia yote Ifakara kwa mama.

Tuanze na neno. Kamusi nyingi zitakuambia kwamba yale majira ya Ulaya na Marekani, ambapo majani hugeuka rangi na kupukutika, kwa Kiswahili ni vuli. Sasa nenda kamwambie hivyo mkulima wa Ifakara uone atakavyokucheka. Kwetu vuli ni mvua, tena ile ya kubahatisha, inayoanza Novemba ikijisikia. Oktoba kwetu ni joto. Vumbi limekaa kila mahali, ng'ombe wamekonda, na bati la nyumba linalia mchana kutwa kwa jua.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo yuko Minnesota siku hizi. Kila Oktoba hunitumia picha: miti ya njano na nyekundu, maboga kizingitini, keki zinatoka kwenye oveni, yeye kajifunika blanketi. Halafu anauliza, "Huko kwenu mna nini?" Anauliza kwa utani, lakini swali lake nimeliweka moyoni. Tuna nini?

Kwa wale ambao hawajafika, Ifakara iko mkoani Morogoro, katikati ya bonde la mto Kilombero. Upande mmoja una milima ya Udzungwa, upande wa pili, ukishavuka mto, unapanda kwenda Mahenge. Unafika kwa treni ya TAZARA au kwa basi kupitia Mikumi, Kidatu na Mang'ula. Mchele wa Kilombero mnaujua wote, hata kama hamjui unatoka wapi.

Mchele huo ndio unaopanga maisha ya watu kule. Mvua kubwa zikikaribia, familia nyingi huhamia mashambani, mbali na mji, zikakaa kwenye vibanda kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na wanyama wengine. Mavuno huanza kama Mei na kuendelea mpaka Julai. Mpunga ukishaingia kwenye magunia ndipo watu wanarudi. Kwa hiyo Oktoba, pamoja na joto lake lote, ni mwezi ambao nyumba imejaa. Baba yupo. Mama yupo. Watoto wanasoma na kulala nyumbani. Jembe limeegemezwa ukutani, na kila mtu anajua kwamba baada ya wiki chache litaondoka pale.

Hayo ndiyo majira yetu ya kutulia. Kwa joto lile hakuna wa kujifunika blanketi. Tunatandika mkeka uani, tunangoja upepo wa usiku, mtu anasema "Kitendawili!" na watoto wanaitika "Tega!" mpaka wanasinzia mmoja mmoja.

Na majani ya rangi tunayo, jamani! Ukiwa njiani Oktoba, tazama miombo kwenye miteremko ya milima. Ilikuwa imepukutika tangu kiangazi, sasa inachipua kabla ya tone la mvua kuanguka, na majani yake machanga ni mekundu, mengine kama shaba. Wenzetu majani yao hupata rangi hiyo yakielekea kufa. Yetu huja nayo yakizaliwa. Hiyo nimemtumia rafiki yangu wa Minnesota, akanyamaza siku mbili.

Sasa Halloween. Dada yangu mkubwa ana watoto watatu, wa miaka 11, 9 na 6, na wote wanaishi kwa mama. Wameiona Halloween kwenye katuni. Wanajua kila kitu: kuvaa sura za kutisha, kutoboa boga macho na meno, kuweka mshumaa ndani, kugonga milango ya watu na kudai pipi. Jumanne ile, tarehe 29, walinijia wakiwa kamati kamili. "Mjomba, na sisi tufanye."

Nikawaeleza asili yake, maana mwandishi wa habari hakosi la kusema. Jina Halloween linatokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Ni usiku wa kuamkia Novemba 1, na kesho yake, Novemba 2, ni siku ya Marehemu Wote. Uingereza ya zamani, watoto na maskini walipita mlango kwa mlango siku hizo wakipewa vikeki, nao kwa malipo wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Waairishi walichonga taa zao kwenye mizizi minene kama ya tanipu. Walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, na ndiyo mnayoyaona kwenye katuni.

Mtoto wa miaka 11 akaniangalia. "Kumbe ni ile siku ya kwenda makaburini?"

Ndiyo, ni ile ile. Ifakara ni mji wenye Wakatoliki wengi, una jimbo lake tangu 2012 lilipogawanywa kutoka Mahenge, na Novemba 2 kwetu si siku ya mchezo. Siku chache kabla, watu wanafyeka nyasi makaburini na kusimamisha misalaba iliyolala. Siku yenyewe kuna misa, padri anabariki makaburi, na kila familia inasimama penye watu wake.

Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Boga chongeni," alisema. "Sura za kutisha hapana. Na usiku hamtoki."

Watoto wakalalamika. Mimi nilimwelewa. Mtaani kwetu kitu chenye uso unaowaka kikipita gizani, mtu wa kwanza kukiona atapiga yowe, na wa pili atakuja na rungu. Magazetini kuna maneno yanayojirudia kila wiki: "wananchi wenye hasira kali". Hawana majina wala sura, na hukuti mahali wameulizwa lolote. Kule Minnesota mtu anavaa uchawi jioni, anauvua usiku, asubuhi anakwenda kazini. Kwetu ukishavishwa huuvui.

Hapo ndipo inabidi niwaambie habari za bibi mmoja jirani yetu, anayekaa penye mwembe. Tulipokuwa wadogo ndiye aliyekuwa akituuzia vitumbua vya asubuhi. Alikuwa na kikaango chake cha chuma na kisahani cha mafuta, na foleni ya watoto wa shule ilianza kabla jua halijapanda. Ni mjane, watoto wake wawili walimtangulia. Miaka michache iliyopita mtoto wa nyumba ya tatu aliugua ghafla akafariki, na mtu mmoja, sijui nani, akakumbuka kwamba asubuhi ile mtoto alikuwa amekula kitumbua.

Basi. Hakuna aliyemwita mchawi mbele yake. Hakuna kikao. Watu waliacha tu kununua. Wiki ya kwanza alibaki na nusu ya beseni, wiki ya pili na beseni zima, kisha hakuwasha moto tena.

Bonde letu lina historia yake katika jambo hili. Wazee wanakumbuka safari za kwenda Ihowanja kwa Bibi Kalembwana, ambako mtuhumiwa alinyolewa nywele na kupewa dawa, mara nyingi pamoja na ndugu waliomtuhumu, kisha wote wakarudi nyumbani shauri likiwa limekwisha. Mwanaanthropolojia Maia Green aliandika sana kuhusu desturi hiyo ya kunyolewa kati ya Wapogoro. Unaweza kuicheka, lakini iliwarudisha watu nyumbani wakiwa hai. Kanda ya Ziwa wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikowapikia wauaji wao. Serikali nayo ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, inayomtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sawa. Lakini pale mtaani hakuna aliyetaja mtu, na sheria haiwezi kumlazimisha mtu kununua kitumbua.

Turudi jikoni. Alhamisi tarehe 31 mama aliamua kupika mkate wa kumimina. Kwa wasioujua: mchele unaloweka usiku kucha, unausaga na tui zito la nazi mpaka uwe kama uji mzito, unatia sukari, hamira na hiliki, unaacha uumuke. Ukishaumuka usiukoroge tena, utaukasirisha. Unapaka sufuria mafuta, unalipasha moto kwanza, ndipo unamimina. Chini moto mdogo, juu ya mfuniko mkaa mwingi. Harufu yake ikianza kutoka, ujue mtaa mzima umeshajua mnapika nini. Oveni ya rafiki yangu ina vitufe kumi na mbili. Ya mama ina mfuniko na koleo.

Alipika mikate minne. Watoto walichonga boga, la mwisho kati ya yale ya mavuno, wakalipa meno matatu na macho yasiyolingana. Nyama ya boga haikutupwa, ilichemshwa kwa nazi. Na kwa kuwa usiku walikatazwa kutoka, mama aliwapa kazi ya jioni, jua likiwa bado lipo: kupeleka sahani. Hiyo si Halloween, ni desturi ya siku zote. Idi ikifika sahani zinatoka kwa majirani Waislamu kuja kwetu, Krismasi zinatoka kwetu kwenda kwao.

Mama akakata mikate, akahesabu sahani tano. Mtoto wa miaka sita, ambaye hajui lolote, akahesabu nyumba kwa vidole.

"Na kwa bibi wa mwembe?"

Kukawa kimya. Dada akamwangalia mama. "Mama, wanangu hawaendi kule."

"Sijasema waende," mama akajibu. Akachukua sahani ya sita, akakata kipande kikubwa, akafunika kwa kitambaa, akajitanda khanga akaenda mwenyewe. Nilimfuata. Bibi alikuwa ameketi kizingitini. "Shikamoo bibi," nikasema. "Marahaba mwanangu, umekua." Mama akakaa naye pale pale, nje, mahali ambapo kila apitaye njia anaona. Akamega kipande kutoka kwenye sahani ile ile, akala kwanza yeye, akampa. Walizungumza bei ya nazi. Walizungumza mvua. Hawakuzungumza kingine chochote. Tulikaa kama nusu saa, na nilihesabu watu saba waliopita wakatuamkia kwa sauti ya chini.

Usiku boga liliwaka uani mpaka mshumaa ukaisha. Watoto waliogopa kidogo, kisha wakacheka, kisha wakalala.

Sasa mnajua desturi: sahani ya jirani hairudi tupu. Asubuhi ya Ijumaa, siku ya Watakatifu Wote, bibi alibisha hodi. Sahani yetu mkononi, juu yake vitumbua sita, vya moto. Alikuwa amewasha moto. Akaipokeza kwa dada yangu, maana ndiye aliyefungua mlango, akaaga, akaondoka.

Ile sahani ilikaa mezani. Mama akala kimoja na chai. Mimi nikala viwili, na niwaambie ukweli, mkono wa bibi haujapotea. Dada hakula. Sitamsema kwa hilo. Yeye ndiye mwenye watoto watatu, na yule mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa akicheza na wa kwake. Hofu ya mama mwenye watoto huwezi kuiondoa kwa kumsomea sheria ya 1928.

Vilibaki vitatu. Mtoto wa miaka 11, aliyekuwa amekaa kimya muda wote akitazama, akanyosha mkono, akachukua kimoja, akakigawa nusu. Akamtazama mama yake. Dada hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akageuka kuangalia chai ikichemka. Mtoto akala nusu yake.

Jumamosi tulikwenda makaburini. Bibi alikuwa kule, peke yake, kwenye makaburi matatu aliyokwisha kuyafagia. Mama alimsalimia, watu wawili wengine nao wakamsalimia. Sina mwisho mzuri zaidi ya huo wa kuwapa. Nilirudi kazini Jumatatu. Wiki iliyofuata mama aliniambia kwenye simu kwamba bibi kapika tena vitumbua, vichache, na amenunua yeye vyote kumi.

Nikamuuliza atavila vipi vyote kumi. Akasema, "Nimevipeleka kwenye kikundi chetu cha upatu. Wameuliza vimepikwa na nani, nikawaambia wamalize kula kwanza."

Basi wandugu, hayo ndiyo tuliyo nayo kule kwetu Oktoba. Na huko mtaani kwenu, kuna mlango gani ambao sahani haifiki?