Dodoso Lako Litarudi Lini Mtaani?

Sisi tunaosoma Arusha tunaujua Mlima Meru kwa picha. Asubuhi mawingu yakiondoka, kila mtu anatoa simu. Lakini mlima huu una historia nzito. Ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na maelfu ya miaka kabla ya hapo ubavu wake wa mashariki ulimeguka na kuporomoka. Vile vilima vidogo unavyopita ukielekea Momella ni mabaki ya mlima wenyewe. Wanajiolojia wameshayaandika haya. Swali ni je, anayelima migomba pale chini ameambiwa?

Nauliza kwa sababu ya Hanang. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Mtaani ikaanza kusemwa kwamba volkano imelipuka. Wataalamu walipokwenda walieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote: miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa, ikaachia. Maelezo hayo si ya darasani tu. Anayeogopa volkano atatazama moshi. Anayejua kuwa ni maji atatazama mvua.

Na mvua yenyewe ilikuwa imetangazwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishasema mapema kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua nyingi kwa sababu ya El Niño. Ila utabiri wa mkoa haukwambii ni korongo lipi litafurika na ni nyumba ya nani itaguswa kwanza. Hapo katikati ndipo chuo kinapotakiwa kusimama.

Inawezekana, maana wenzetu walishafanya. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, kama Tandale, wakachora mitaro, njia na nyumba pamoja na wakazi. Waliwauliza wenyeji maji hufika wapi, wakaliweka jibu kwenye ramani ambayo kila mtu anaweza kuitumia bure.

Mimi nilikuwa fildi kando ya Mto Themi, dodoso mkononi. Bibi mmoja aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha alama ya tope ukutani, juu ya goti langu. Akasema, "Mjukuu wangu, usiangalie mvua ya hapa. Hapa jua linaweza kuwaka, mlimani inanyesha, mto unakuja unanguruma." Kisha akaongeza, "Wenzako walikuja na makaratasi kama hayo. Hatujawaona tena."

Sikuwa na cha kumjibu. Ukweli ni kwamba tafiti zetu nyingi zinaishia maktaba, kwa Kiingereza, na jalada gumu. Tunachukua maarifa ya watu, tunapata maksi, tunahitimu. Wao wanabaki na mto wao. Na Aprili 2024, pale Sinoni, jijini hapa hapa, basi la shule lilisombwa na maji korongoni na watoto wakapoteza maisha. Jamani, hili si la kuchukulia poa.

Napendekeza serikali yetu ya wanafunzi ilivalie njuga jambo moja: kila utafiti unaohusu mafuriko, maporomoko au ukame urudishe ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, usomwe mkutanoni. Uandike wapi maji hupita, dalili ni zipi, watu wakimbilie wapi. Pa kuupeleka papo, maana Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Hata baada ya maafa, kuamua ni ardhi ipi salama kujenga upya ni kazi inayohitaji utafiti.

Gharama yake ni karatasi na nauli ya daladala. Wa kwangu nimeshaanza kuuandika, na nataka ufike ofisi ya mtaa kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Wewe wa kwako uko wapi?