Nasaba ya Mipungate

Katika miaka niliyoitumikia bustani ya Amani, iliyoasisiwa na Wadachi mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, kazi yangu ilikuwa kutunza kitalu na kuhakikisha kwamba kila mti unalo jina lake sahihi. Na mtu aliyeizoea kazi hiyo hawezi kuutazama mmea asiulize ni wa ukoo gani. Kwa sababu hiyo, nilipojaliwa kwenda Uingereza kwa mafunzo na kufikishwa katika bustani ya Kew, niliomba kwanza kuonyeshwa mipungate.

Jumba la vioo inamokaa lilifunguliwa mwaka 1987, nalo limegawanywa sehemu kumi za hali mbalimbali za hewa, hata mtu hutoka katika unyevu wa msituni akajikuta katika ukavu wa jangwa. Humo niliinama mbele ya mpungate wa Meksiko, wa mviringo, wenye miiba ya rangi ya dhahabu, nikaona kwamba kila fungu la miiba limechipuka katika kidutu kilichovikwa manyoya laini mfano wa sufi. Hiyo ndiyo alama ya ukoo. Mnyaa wa kwetu hauna kidutu hicho, wala jamaa zake wa nyikani ambao miiba yao huota miwili miwili, na ukiwakata hutokwa na utomvu mweupe unaochoma macho. Kufanana kwao na mipungate kumeletwa na dhiki ya ukame, wala si udugu: jua kali limewafunza wote kuacha majani na kuhifadhi maji katika shina.

Ukoo wote wa mipungate asili yake ni Amerika, isipokuwa mmoja, Rhipsalis baccifera, ambao tangu zama huota pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Wengi hudhani kwamba ndege ndio waliouvusha bahari, ingawa wataalamu hawajaafikiana. Nao uko Usambara, unaning'inia juu ya miti, mashina yake membamba, matunda yake meupe na madogo, na ukishapevuka hauna miiba. Mgeni hausadiki kuwa mpungate.

Niliporejea, vijana waliokuja kujifunza kitaluni niliwaanzia na mmea huo. Niliwashikisha shina lake, nikawataka wakitafute kidutu, kwani kipo, ingawa ni kidogo mno, na nikawakataza kuandika jina kabla hawajakiona.