Marangu: Mkono wa Shukrani na Mkono wa Hongo

Msafiri atokaye Kampala kwa basi, akapita Nairobi na kuvuka mpaka Namanga, hufika Arusha, na kisha Moshi, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro. Kutoka Moshi barabara huelekea mashariki mpaka Himo, na hapo gari huiacha njia iendayo Taveta, likageuka kushoto na kuanza kupanda. Joto la tambarare hubaki nyuma. Migomba huanza kuonekana pande zote mbili, chini ya migomba mna mibuni, na kati ya mashamba hupita mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee wa Kichaga tangu zamani. Shamba la namna hii, lenye nyumba ya mwenyewe na mifugo zizini, huitwa kihamba. Mpaka wake huonyeshwa kwa safu ya masale, mmea ambao jani lake Wachaga hulitumia pia kuombea msamaha. Mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Moshi, msafiri huwa amefika Marangu.

Marangu ina maporomoko ya maji, soko na shule za siku nyingi, lakini umaarufu wake duniani watokana na lango la kupandia mlima. Lango hilo liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kilimanjaro ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na hifadhi hiyo ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Tangu hapo watu wa mataifa yote wamekuwa wakija Marangu kujaribu nguvu za miguu yao. Lakini mgeni mwangalifu hugundua upesi kwamba kuna jaribio lingine ambalo hakulitazamia, nalo ni la mfukoni. Ni nani apewe bakshishi, kiasi gani, na wakati gani? Na ni nani asiyepaswa kupewa hata senti moja?

MANENO MATATU YA MISAFARA

Swali hili si geni katika nchi zetu. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka pwani kwenda bara, mizigo yote ilibebwa na watu vichwani na mabegani. Safari hizo zilikuwa na maneno yake, na matatu kati ya hayo tunayatumia hata leo. La kwanza ni posho, chakula au thamani ya chakula ambayo mpagazi alipewa njiani ili apate nguvu za kuendelea. La pili ni hongo, ushuru ambao mkuu wa msafara aliwalipa watawala wa bara ili aruhusiwe kupita katika nchi zao. La tatu ni bakshishi, zawadi aliyopewa mpagazi juu ya ujira wake kwa kazi iliyofanyika vema.

Ni jambo la kuzingatia kwamba neno hongo, ambalo hapo kale lilikuwa ushuru wa wazi, leo limebaki kuwa jina la rushwa. Mabadiliko hayo yana maana yake. Hongo ililipwa kwanza, kwa yule awezaye kuifunga njia. Bakshishi ilitolewa mwishoni, kwa yule aliyeusaidia msafara kufika. Mtu akiishika tofauti hiyo, amekwisha pata nusu ya jawabu la swali letu.

KAZI YA MPAGAZI

Asubuhi langoni Marangu huwa na watu wengi kuliko wageni. Wapagazi, wanaume kwa wanawake, hukusanyika kungoja majina yao yaitwe. Mizigo hupimwa kwenye mizani, kwa kuwa kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 za vitu vya safari kwa kila mpagazi, mbali na nguo zake mwenyewe. Kisha msafara huondoka. Siku ya kwanza hupita msituni mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,700 hivi. Siku ya pili hufika Horombo, mita 3,700, mahali penye ukungu na upepo. Baada ya hapo kuna jangwa la mawe mpaka Kibo, mita 4,700. Usiku wa manane mgeni na kiongozi wake huanza kupanda kuelekea kileleni, ambako baridi huwa chini ya kiwango cha maji kuganda.

Mgeni atembeapo polepole na chupa yake ya maji, mpagazi humpita akiwa na mzigo kichwani au mgongoni, ili mgeni afikapo akute maji ya moto na chakula tayari. Wako wapagazi waliopoteza maisha mlimani kwa baridi. Kila askari aliyepata kwenda katika mazoezi marefu ajua kwamba kikosi hutembea kwa nguvu za wale wabebao chakula. Watu wengi wanalikumbuka jina la Luteni Alexander Nyirenda, ambaye usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 alisimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika huru juu ya kilele. Watu wa Marangu hulikumbuka pia jina la Yohani Kinyala Lauwo, mzee wao aliyefariki mwaka 1996, ambaye wanasimulia kuwa alimwongoza Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889. Lakini majina ya waliobeba mizigo ya misafara mingi ya mlima huu hayakuandikwa popote.

Ujira wa mpagazi kwa siku si mkubwa, na kazi yenyewe haipatikani mwaka mzima, kwani miezi ya mvua nyingi wageni hupungua. Ndiyo maana bakshishi katika mlima huu si jambo la anasa. Ni sehemu ya mapato ambayo kila nyumba ya mpagazi huihesabu: ndani yake mna karo ya mtoto, mna bati la kuezekea, mna dawa ya mzee. Mwajiri hana ruhusa ya kupunguza ujira kwa kisingizio cha bakshishi, na mgeni naye hana udhuru wa kuondoka kimya kwa kuwa alikwisha lipa kampuni.

NAMNA YA KUTOA

Siku ya mwisho, aghalabu Horombo asubuhi au langoni baada ya kushuka, wapagazi husimama pamoja wakaimba na kupiga makofi. Huo ndio wakati wa kutoa. Katika miaka ya hivi karibuni kiasi kinachozoeleka kwa kundi zima la wageni ni dola 20 hadi 25 za Marekani kwa siku kwa kiongozi mkuu, dola 15 hadi 20 kwa msaidizi wake, dola 12 hadi 15 kwa mpishi, na dola 6 hadi 10 kwa kila mpagazi. Wengi hukosea hapa. Viwango hivyo hutolewa na kundi lote kwa pamoja, si na kila mgeni peke yake.

Tuchukue mfano. Wageni 4 wamepanda kwa siku 6, nao walikuwa na kiongozi mmoja, msaidizi mmoja, mpishi mmoja na wapagazi 12. Wakimpa kiongozi dola 20 kwa siku, jumla yake ni 120. Msaidizi kwa dola 15 hupata 90, na mpishi kwa dola 12 hupata 72. Wapagazi kwa dola 8 hupata 48 kila mmoja, ambazo kwa wote ni 576. Jumla kuu ni dola 858, na kila mgeni hutoa karibu dola 215. Fedha hizi yafaa ziwekwe katika bajeti ya safari kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na nauli na ada za hifadhi. Mtu wa Afrika Mashariki mwenye kipato cha kawaida asione haya akiwa hana kiasi hicho. Atoe kadiri ya uwezo wake, na viatu imara au koti zito lililo katika hali njema vyaweza kuongezwa juu ya fedha. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Jambo kubwa zaidi ya kiasi ni uwazi. Ilizoeleka bahasha moja kukabidhiwa kiongozi ili akagawe mwenyewe, na wapagazi wasijue iliyokuwamo. Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003 na ulio na ofisi mjini Moshi, umekuwa ukiwashauri wageni wahakikishe kwamba kila mpagazi anapata fungu lake. Njia iliyo njema ni kutaja kiasi cha kila mmoja mbele ya wote, kisha kumpa kila mtu mkononi, kwa jina lake na kwa neno la asante.

WASIOTAZAMIA BAKSHISHI

Si kila mkono unaohudumu unangoja kupewa. Mama lishe wa sokoni Marangu akitaja bei ya ndizi na nyama, bei hiyo imetimia. Mgeni akimwachia chenji ni hiari yake, wala hatalaumiwa asipoiacha. Kondakta wa basi na dereva wa bodaboda hulipwa nauli tu. Kijana anyakuaye begi la abiria stendi na kuanza kulibeba, yafaa apatane naye bei kwanza au amkatalie kwa upole, kwani huo ni ujira, si bakshishi. Katika hoteli za kitalii, mhudumu wa meza na mchukuzi wa mizigo hupewa kidogo. Katika mikahawa midogo hakuna desturi hiyo. Anayemtembeza mgeni kwenye maporomoko ya Kinukamori anastahili kitu kidogo baada ya matembezi, mbali na kiingilio ambacho hutolewa kwa stakabadhi.

Mgeni aliyekaribishwa nyumbani katika kihamba, akapewa mbege katika kibuyu, asithubutu kutoa fedha. Kumlipa mwenyeji wako ni kumgeuza mwuza pombe. Mgeni mwenye adabu hufika na sukari, sabuni au majani ya chai, akamkabidhi mama wa nyumba bila maneno mengi.

MWENYE SARE

Limebaki kundi moja, na hapa ndipo wasomaji wetu wengi wanapoguswa. Karani wa lango, askari wa hifadhi, msimamizi wa mizani, askari wa barabarani na ofisa wa mpakani, hawa wote hawapewi bakshishi. Anayempa msimamizi wa mizani ili mzigo wa kilo 28 uandikwe 20 hakumshukuru mtu. Amenunua mgongo wa mpagazi. Kadhalika kumekuwako malalamiko kwamba baadhi ya viongozi wa misafara huwatoza wapagazi fedha ndipo wawape kazi. Jambo hilo nalo ni hongo ya kale iliyorudi, kwani mwenye njia amesimama mlangoni akidai kabla hajaifungua.

Lakini yupo atakayeuliza: je, zawadi ikija baada ya kazi? Kuna mama aliyeibiwa mbuzi, polisi wakafuatilia usiku kucha na kumpata. Siku ya pili anafika kituoni na kuku mkononi na machozi ya furaha machoni. Hakuombwa, wala hakutanguliza. Mbona basi kuku huyo asipokelewe?

Jawabu laonekana langoni Marangu. Mpagazi aliajiriwa kwa safari ya mgeni yule. Jasho lake lilikuwa la mgeni yule, naye ana haki ya kulishukuru. Askari hakuajiriwa na mwenye mbuzi. Ameajiriwa na watu wote, wenye kuku na wasio na kuku. Akipokea kuku wa leo, kesho mjane asiye na kitu atakaa nyumbani na shida yake, akidhani kwamba msaada wa polisi hufuatana na kuku. Hakuna aliyesema neno baya, walakini njia imekwisha fungwa. Na sheria ni kali: Tanzania imetunga sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa mwaka 2007, na Uganda mwaka 2009, na katika nchi zote mbili mtoaji wa rushwa ana hatia sawa na mpokeaji. Kumrudisha mama yule na kuku wake kwahitaji upole mwingi, ili asidhani amedharauliwa. Aambiwe kwamba asante yake imepokewa. Akipenda, amweleze mkuu wa kituo jina la askari aliyemsaidia, kwani sifa hiyo humfaa askari kuliko mchuzi wa siku moja.

Jioni, misafara ikiisha kushuka, wapagazi wa Marangu huteremka na njia za vihamba mmoja mmoja, kila mtu na fungu lake mfukoni. Amepewa mbele ya wenzake, kwa kazi ambayo wote waliiona, naye aweza kumtajia mkewe mahali fedha hizo zilipotoka. Bakshishi ya kweli haina aibu nyumbani. Na baba au mama mwenye sare, arudipo kwake akiwa na mshahara wake peke yake, huenda mfuko wake ni mwepesi kuliko alivyotamani. Lakini mtoto akimwuliza fedha hizi zimetoka wapi, naye atakuwa na jawabu.